Naenda kwa dada Uingereza, anataka nitumie gari lake. Bima inakuwaje wakuu?

Kijana wa Tabata #1

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kwa mlioko Uingereza au mliowahi kufika kwa matembezi. Mwezi ujao naenda kumsalimia dada yangu yuko Coventry, ni nesi anafanya shifti za usiku, na bi mkubwa yuko naye kule tangu dada ajifungue. Sasa dada anasema gari lake mchana kutwa limepaki nje yeye kalala, kwa hiyo nilitumie nimtembeze mama, kuna ndugu zetu Leicester na pia kuna harusi ya binamu Ilford ambayo hatuwezi kuikosa. Leseni ya Bongo ninayo, naendesha miaka na miaka hadi mikoani, na wenzetu wanapita kushoto kama sisi kwa hiyo hapo sina presha.

Ishu ni bima. Shemeji anasema gari lina bima kubwa, chukua funguo endesha. Dada anasema hapana, kuna jirani yao gari lilibebwa na polisi kwa sababu kamuachia mdogo wake. Mi nilivyozoea gari likishakuwa na bima limeshakuwa na bima, anayeshika usukani awe dada awe mjomba haijalishi. Nani yuko sahihi hapa?

Chuma Ulete #2

We endesha tu mkuu unajipa mawazo. Kule hamna trafiki wa kujificha nyuma ya mwembe na tochi. Jamaa yangu kakaa kule miaka hajawahi kusimamishwa hata mara moja.

Mzee wa M6 #3

Kijana usimsikilize huyo wa hapo juu, atakuponza.

Ni kweli trafiki wa kusimama barabarani huwaoni, lakini gari la polisi likiwa nyuma yako mara nyingi lina kamera inasoma namba ya gari na kuilinganisha hapo hapo na kanzidata ya bima za magari yote ya nchi, inaitwa MID. Sasa kamera itaona gari lina bima, haijui nani yuko ndani, na hapo ndo watu wengi wanapojidanganya. Siku wakikusimamisha kwa kitu kingine kabisa, taa ya breki imekufa, umeng'ang'ania leni ya katikati motowei, wanakuuliza jina, wanapiga kwenye bima ya gari, jina lako halipo. Mchezo umeisha.

Dada yako yuko sahihi, shemeji kachemka. Bongo bima inafuata gari. Uingereza bima inaandikwa kwa gari pamoja na watu wanaoruhusiwa kuliendesha. Mwambie dada aingie kwenye imeili yake atafute cheti cha bima, sio lile kabrasha la masharti, ni kakaratasi ka ukurasa mmoja hivi, kuna sehemu inasema nani anaruhusiwa kuendesha. Utakuta jina lake na pengine la mumewe, basi. Bima kuwa "kubwa" maana yake inalipa mambo mengi gari likipata ajali, haina maana inabeba madereva wengi. Shemeji anachanganya hapo na sio yeye peke yake, nimeshawasikia watu wamekaa huku miaka ishirini wanasema hivyo hivyo.

Sasa adhabu. Kuendesha bila bima faini ya papo kwa hapo ni paundi 300 na pointi 6 za adhabu kwenye leseni. Ikienda mahakamani faini haina kikomo na wanaweza kukufungia kuendesha. Gari wanaruhusiwa kulibeba pale pale barabarani na bi mkubwa wako mtamshusha na mikoba yake. Kulitoa unalipa hela ya kuvutwa na hela ya kila siku linayolala yadi, na usipolifuata mapema wanaliuza au wanalisaga.

Na wengi hawajui hili: mwenye gari naye ana kosa lake. Sheria yao ya barabarani ya 1988 kifungu cha 143 inamkamata anayeendesha bila bima na anayemruhusu pia. Kwa hiyo dada anaweza kula pointi 6 amelala kitandani. Halafu kama kapasi mtihani wa udereva wa huku na haijafika miaka miwili, pointi 6 zinafuta leseni, anarudi kuomba leseni ya mwanafunzi na kufanya mtihani upya, theory na barabarani. Nesi wa shifti za usiku bila gari, saa kumi na moja alfajiri kwenye baridi kusubiri basi na mtoto mchanga nyumbani. Muulize shemeji kama yuko tayari kwa hilo.

Kijana wa Tabata #4

Duh. Dada kapasi mwaka jana tu, hiyo ya miaka miwili imenigonga kichwani. Sasa mzee nifanyeje, niongezwe kwenye bima yake au? Na leseni yangu ya Bongo inatambulika au mpaka niende nikatafute ya kimataifa?

Mzee wa M6 #5

Leseni kwanza. Mgeni wa matembezi kutoka nchi yoyote anaruhusiwa kuendesha gari dogo huku kwa miezi 12 tangu alipoingia nchini, mradi leseni yake iko hai. Ya Tanzania ina Kiingereza tayari kwa hiyo polisi hawana shida nayo. Ukihamia kabisa ni habari nyingine, miezi 12 tangu uwe mkaazi ikiisha unatakiwa kufanya mtihani wao, sisi hatumo kwenye ile orodha ya nchi za kubadilishana leseni moja kwa moja. Afrika Kusini na Zimbabwe wamo, Tanzania na Kenya hapana. Ila wewe mgeni, usihangaike.

Kuruhusiwa na sheria na kukubaliwa na kampuni ya bima ni vitu viwili mbalimbali lakini. Sheria inakuruhusu, bima anaweza akasema sikutaki, na huwezi kumlazimisha.

Njia ziko mbili. Moja dada apige simu kwa bima yake akuongeze kama dereva wa muda. Baadhi wanakubali, wanachaji kidogo na ada ya kubadilisha karatasi, wengine wakisikia leseni ya nje tu wanakata mjadala. Nyingine ununue bima yako mwenyewe ya muda mfupi, unaikata kwa saa, kwa siku, kwa wiki, wengi wanaishia siku 28 kwenda juu kidogo, kwa jina lako juu ya gari la dada. Ya dada inabaki pale pale kama ilivyo haiguswi.

Mi napendelea hii ya pili kwa sababu moja kubwa. Huku ukikaa mwaka mzima bila kudai bima wanakupa punguzo, na kila mwaka linapanda, mtu mwenye punguzo la miaka mitano analithamini kuliko gari lenyewe. Ukiwa umeongezwa kwenye bima ya dada ukagonga nguzo ya supamaketi ya Tesco, anayedai ni dada, punguzo lake linakwenda na maji na mwaka unaofuata bei inaruka. Ukiwa na bima yako ya muda, unadai kwenye yako. Mgeni unarudi Tabata, mwenzio anabaki na deni la miaka. Hata kama kuongezwa ni bei rahisi mi siongezwi.

fundi_spana #6

Kuna kitu kingine watu wanakipenda sana hapo UK, kwenye bima yake mtu anakuta kaandikiwa anaruhusiwa kuendesha magari ya watu wengine. Shemeji labda ndo anachokisema.

Mzee wa M6 #7

Inawezekana, lakini hiyo ni ya mwenye bima mwenyewe akiwa anaendesha gari la mwingine, sio wengine kuendesha la kwake. Kijana hana bima yoyote huku kwa hiyo haimhusu kabisa. Na hata aliyenayo inamlipa uliyemgonga tu, gari uliloazima ukiliponda halilipwi hata senti, na miaka hii makampuni mengi yameitoa kimya kimya, mtu anadhani anayo kumbe ilishaondolewa aliporenew.

Ni Mie Tu #8

Mi nimefanya hii kitu nilipoenda kwa mwanangu Nottingham acha nikueleze ilivyo maana watu wanaeleza juu juu.

Unaingia kwenye tovuti au apu, unaweka namba ya gari, inakuletea yenyewe aina ya gari na rangi, unathibitisha. Halafu maswali: wewe ni nani kwa mwenye gari, gari lina thamani gani, linalala wapi usiku na postikodi, unafanya kazi gani, umepata ajali au kudai bima miaka ya karibuni, una makosa ya barabarani, unataka lianze lini saa ngapi. Hapo kwenye saa kuweni makini, ni saa zao za masaa 24, saa nne asubuhi yetu ni 10:00, ukiandika 04:00 umelipia masaa sita ya kulala.

Swali lenyewe lenye mtego ni aina ya leseni. Kuna la leseni kamili ya Uingereza, kuna la Ulaya, kuna la nchi nyingine. Ukibonyeza ya Uingereza bei inashuka mpaka unashangaa, ukibonyeza ya nchi nyingine kampuni nusu zinapotea kwenye skrini zinabaki mbili tatu na bei imepanda. Ndo hapo watu wanaingia tamaa. Sitaki kutaja mtu ila kuna mtu wa karibu alitaka kunibonyezea hiyo ya kwanza eti "nani atajua", nikamwambia mwanangu hiyo bima ikifika siku ya kudai watajua ndani ya dakika tano maana leseni yenyewe utawapa uwapigie picha. Kudanganya kwenye maswali yao kwa makusudi wanaruhusiwa kuifuta bima yote na kukataa kulipa, kuna sheria yao ya 2012 inahusu hayo hayo ya mteja kujibu maswali ya bima. Na ukishafutiwa bima kwa uongo, kila utakapoomba bima tena huko unaulizwa ulishawahi kufutiwa.

Makampuni mengine hata usumbuke vipi hayakuuzii, yanataka mkaazi wa Uingereza tu. Mengine yanataka uwe na umri fulani, wenye leseni za nje wengine hawagusi chini ya miaka 25. Kwa hiyo usikate tamaa kwa ya kwanza kukukataa.

Bei yenyewe ni ya ajabu, siku mbili tatu inakaribiana na wiki nzima. Linganisha kabla hujalipa. Na angalia ile hela unayochangia mwenyewe ajali ikitokea, ekses, kwenye hizi za muda huwa ni kubwa, unaweza kuta bima rahisi lakini ajali ndogo yote inaishia mfukoni mwako.

Na usinunue Bongo wiki tatu kabla. Nunua ukishafika umelala umeamka. Ndege ya usiku ukitoka hapo unaenda kushika usukani motowei utalala.

Chuma Ulete #9

Sasa mama na wewe si ununue hata kwa mtu, kuna jamaa huwa wanatangaza huko Facebook na WhatsApp wanakukatia bima ya UK nusu bei na hawaulizi leseni

Ni Mie Tu #10

Chuma Ulete baba wewe jina lako limekufaa. Hao ni matapeli, wanakutumia cheti kizuri kina nembo na kila kitu, ama kimetengenezwa kwenye kompyuta, ama wamekata bima ya kweli kwa taarifa za uongo, ama wameikata wakaifuta siku ya pili wakachukua rifandi. Wewe unaendesha unajiona una bima. Polisi wa jiji la London wana kitengo kizima kwa ajili ya wizi wa bima. Na kutapeliwa sio utetezi, faini na pointi ni zako.

Nakuru Finest #11

Aki hii uzi imenisaidia. Mimi naenda kwa uncle huko Luton December. Huku Kenya bima sahi cheti ni ya digital na askari akikusimamisha anacheki tu kama gari iko na cover, hajali nani anaendesha. Sasa swali, hiyo bima ya muda nikinunua, polisi wa UK akicheki kwa system yake si ataona tu ile ya uncle?

Mzee wa M6 #12

Swali zuri ndugu. Bima za muda zinaingizwa kwenye MID lakini sio lazima zionekane dakika ile ile, na bima ya saa chache inaweza ikaisha kabla haijaonekana. Kwa hiyo cheti chako pakua kwenye simu kabisa, usitegemee intaneti, simu za watu wageni huwa hazina bando. Polisi ataangalia cheti chako au atawapigia bima kuthibitisha.

Na kabla hujalipa hakikisha gari la uncle lina MOT hai, ule ukaguzi wa kila mwaka kwa magari yaliyofika miaka mitatu, na kodi ya barabara imelipwa. Zote mbili unaziangalia bure kwenye tovuti ya serikali ukiwa na namba ya gari tu. Bima nyingi za muda zina sharti gari liwe na MOT. Unakuta gari la uncle linashinda nje mwezi mzima, MOT iliisha hata hajui.

Kitu kimoja zaidi, gari likiwa limeshakamatwa na polisi usidhani utakata bima ya siku moja uende kulitoa. Hizi za kawaida zinakataa kabisa magari yaliyoko yadi ya polisi, kuna ambazo ni maalum kwa hiyo kazi na ni ghali.

Columbus Ohio #13

Wakuu nchi zinatofautiana msije mkachukua haya mkaleta Marekani. Huku kwetu kwa kawaida bima inafuata gari kama Bongo. Ukimpa mtu gari kwa ridhaa yako mara moja moja, bima yako inambeba. Lakini kuna mitego yake. Kama ndugu anakaa kwako wiki na wiki na gari analitumia kila siku, bima anaweza kusema huyu ni mtu wa nyumbani mlitakiwa kumuandikisha. Halafu kuna mikataba ina jina la mtu aliyeondolewa kabisa, huyo hata umruhusu mara mia hana bima. Na kuna bima za bei rahisi ambazo asiyeandikwa akiendesha wanashusha malipo mpaka kile kiwango cha chini cha jimbo, na viwango vya majimbo vingi ni vidogo mno, bili ya hospitali ya hapa inavimaliza kabla hujafika wodini. Kila jimbo lina sheria yake, New Hampshire hata hawalazimishi bima kwa watu wengi. Ushauri wangu ndugu akija apigiwe simu wakala, dakika kumi tu, aongezwe, huku mara nyingi inawezekana.

Mtaa wa Altona #14

Ujerumani ni katikati. Bima ni ya gari, na ukigonga mtu lazima alipwe hata kama dereva hakuandikwa. Ila mkataba una orodha ya madereva na ndiyo iliyofanya bei iwe rahisi, wakigundua mwingine kaendesha wanamgeukia mwenye gari alipe faini ya mkataba na tofauti ya bei ya mwaka. Kumuongeza mtu kwa siku kadhaa ni simu tu au apu, wengine hawachaji. Shida yetu huku ni leseni, ya Bongo lazima iwe na tafsiri au uje na ile ya kimataifa, na ukishakuwa mkaazi inakufaa miezi 6 tu.

Yakhe wa Seeb #15

Huku Maskati yakhe mambo mepesi, gari ikiwa na bima na mulkia yake, yaani kadi ya usajili, iko hai ndugu yako anakuachia unaendesha, muhimu leseni yako iwe inakubalika kwa mgeni. Tatizo ni watu wakitaka kuvuka kwenda Dubai na gari ya mwenyewe. Pale mpakani wanataka bima inayofanya kazi upande wa pili, ile kadi ya rangi ya chungwa ya nchi za Kiarabu, na gari isipokuwa yako uwe na barua ya mwenye gari. Watu wanafika mpakani Hatta familia nzima ndani ya gari wanaambiwa rudini. Mwambie ndugu yako akuandikie barua mapema, na muulize wa bima kama UAE imo, ziko bima zimeiweka ndani tayari na ziko hazina.

Dawati la Bima #16

Nafanya kazi ya bima hapa Dar, naongezea upande wetu maana wengi humu wanaazima gari la mjomba waende nalo Nairobi au Lusaka na hakuna anayeuliza kitu.

Bima yako ya Tanzania inaishia mpakani. Unachotakiwa kuchukua ni Kadi ya Njano ya COMESA, ile jumuiya ya soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, mpango ulianza kufanya kazi 1987, na Tanzania ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000 bado tumo kwenye huo mpango. Nenda kwa kampuni iliyokukatia bima wakupe kabla hujatoka, waandike nchi zote utakazopita, Zambia, Malawi, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo. Lakini elewa kadi hiyo hasa ni kwa ajili ya utakayemgonga huko. Gari la mjomba likipinduka Mpika huko Zambia hailipi bodi, kwa hiyo kama mjomba ana bima kubwa muulize wa bima awaongezee eneo kwa maandishi. Na Tunduma au Namanga ukiwa na gari lisilo lako watataka barua ya ruhusa ya mwenye gari pamoja na kadi ya gari, kama kadi iko benki kwa sababu ya mkopo anzeni kuifuatilia wiki kadhaa kabla.

Halafu hii ya kusema Bongo "haijalishi nani anaendesha" ni nusu kweli. Aliyegongwa atalipwa. Lakini bima kubwa nyingi zina kipengele cha dereva mwenye umri mdogo au leseni changa, mwenye gari anakatwa zaidi. Na dereva asiye na leseni halali bima hailipi gari kabisa. Someni.

Kijana wa Tabata #17

Wakuu mrejesho. Nimefika Coventry salama, asanteni sana hasa Mzee wa M6 na mama Ni Mie Tu.

Kwanza dada alitafuta cheti kama ulivyosema, kweli majina mawili tu. Shemeji akasoma mara mbili akakaa kimya, baadaye akasema "mi nilijua". Dada akapiga simu kwa bima yake niongezwe, wakauliza leseni ya wapi, akasema Tanzania, yule wa kwenye simu akasema mfumo wake hauna hata hiyo nafasi ya kuchagua. Kwa hiyo nikakata ya kwangu ya wiki. Zilizokubali leseni yetu zilikuwa chache kweli, nikachukua sio ya chini kabisa, ya pili yake, maana ya chini ekses yake ilikuwa inakaribia bei ya gari zima la dada, gari lenyewe ni dizeli ya 2014.

Cheti kilikuja kwenye imeili hapo hapo na karatasi nyingine mbili. Leicester tumeshaenda, bi mkubwa kafurahi, kakuta maduka ya Wahindi wanauza muhogo na bamia kama Kariakoo akanibebesha.

Swali, harusi ya Ilford Jumamosi. Ile bima inanifikisha London au kuna kingine?

Mzee wa M6 #18

Bima haina shida inakubeba nchi nzima, lakini umesema dizeli ya 2014. Ilford iko ndani ya ULEZ, lile eneo ambalo magari yanayochafua hewa yanalipishwa, tangu Agosti 2023 imechukua mitaa yote ya London. Dizeli nyingi za kabla ya Septemba 2015 hazijafika kiwango, unalipa paundi 12.50 kwa siku, na siku inahesabiwa usiku wa manane mpaka usiku wa manane. Harusi ya Kiswahili ikiisha saa nane usiku hizo ni siku mbili, paundi 25. Ingiza namba ya gari kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, itakwambia. Una mpaka usiku wa siku ya tatu baada ya safari kulipa, usipolipa barua ya faini inaenda kwa dada sio kwako.

Kamera za spidi nazo hivyo hivyo. Barua inaenda kwa mwenye gari, anapewa siku 28 kumtaja aliyekuwa anaendesha, na asipojibu yeye ndo anashtakiwa kwa kutojibu. Kwa hiyo mwachie dada jina lako kamili, namba ya leseni na anwani ya Tabata, na tarehe ulizoendesha. Usiondoke ukadhani umeponyoka kwa sababu umepanda ndege.

Na motowei ya M1 kuna sehemu wanabadilisha spidi kwenye mabango ya juu, ukiona 50 kwenye duara jekundu ni amri hiyo, kamera ziko hapo hapo juu ya bango.

Chuma Ulete #19

Paundi 25 za kwenda kula pilau 😂 bora mpande treni

Kijana wa Tabata #20

Treni ya watu wanne Jumamosi umeangalia bei yake mkuu? Gari bado ni nafuu.

Mzee la mwisho nisikuchoshe. Binamu yangu wa Leicester tunaenda naye, ana leseni ya hapo UK kabisa. Kurudi usiku nikichoka anaweza kunipokea usukani? Bima si iko hai mpaka Jumatatu.

Mzee wa M6 #21

Hapana. Iko hai kwa ajili yako wewe tu, mtu mmoja gari moja. Yeye akate ya kwake ya masaa kadhaa, kwa leseni ya UK atapata dakika tano na kwa bei ndogo kuliko yako. Ila akate kabla hamjaondoka ukumbini, aandike saa ya kuanza mapema kidogo kuliko mnavyofikiria, na mbadilishane kwenye sevisi, vile vituo vya kupumzikia vya motowei, sio pembeni ya barabara.